Kwa nini mfumo wenye sehemu nzima huanguka, na mfumo uliobadilishwa kila sehemu hubaki uleule?

Mtunza Mfumo (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba kuleta mbele yenu swali ambalo nimelibeba kwa miezi kadhaa, na ambalo naamini linavuka mipaka ya kazi yangu.

Ninatunza mfumo wa kompyuta uliojengwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ndani yake mna huduma (programu ndogo, kila moja na kazi yake) takribani arobaini zinazowasiliana, na nyingi kati ya hizo husoma na kuandika katika hifadhidata moja kubwa. Wote walioandika msimbo wa mwanzo wameshaondoka. Mashine zimebadilishwa zaidi ya mara tatu, na nikitazama kumbukumbu za mabadiliko naona kwamba ni mistari michache mno ya msimbo wa kwanza iliyosalia. Hata hivyo watumiaji wanauona kuwa mfumo uleule, wenye kazi ileile na tabia ileile. Jambo hilo peke yake linanistaajabisha.

Kisha likatokea la pili, lililo kinyume chake. Siku moja hifadhidata ilisimama kwa dakika tatu hivi kwa sababu ya hitilafu ndogo ya diski, ikarudi ikiwa nzima. Mfumo haukurudi. Kwa saa nne tulikuwa na hifadhidata nzima, mtandao mzima, huduma zote nzima, na mfumo usiomhudumia mtu yeyote. Nilipochunguza huduma moja moja, niliona kwamba kila moja ilifanya kile hasa ilichoandikiwa: iliuliza, haikujibiwa, ikangoja sekunde moja, ikauliza tena. Katika saa ya pili tuliongeza mashine tukidhani kwamba tumezidiwa na kazi, na hali ikazidi kuharibika. Hatimaye tulizima kila kitu, tukawasha huduma moja baada ya nyingine, na ndipo mfumo uliporudi kufanya kazi.

Basi maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni nini hasa kinachodumu katika kitu ambacho sehemu zake zote hubadilishwa? Pili, inakuwaje sehemu ambazo kila moja ni nzima zizae kitu kizima kilicho kigonjwa? Sihitaji jibu la watu wa kompyuta pekee. Nina hakika wapo humu wanaoshughulika na mitambo, viumbe au misitu ambao wameligusa jambo hili kwa mikono yao.

Mhandisi wa Udhibiti

Ndugu Mtunza Mfumo, swali lako la pili lina umri mkubwa kuliko kompyuta, kwa hiyo naomba nianze nalo.

Mwaka 1788 James Watt alifunga kwenye injini ya mvuke kifaa chenye mipira miwili ya chuma inayozungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda kasi, mipira hutanuka na kuvuta wenzo unaobana mlango wa mvuke. Injini ikilegea, mipira hushuka na mlango hufunguka. Huo ndio mrejesho hasi: matokeo hurudi kwenye chanzo chake na kukipinga. Mtu angetarajia kwamba kadiri kifaa kinavyoitikia kwa nguvu zaidi, ndivyo mwendo utakavyotulia zaidi. Haikuwa hivyo. Baadhi ya injini zilipanda na kushuka mwendo bila kukoma, zikienda mbio, zikizubaa, zikienda mbio tena, ingawa hakuna kipande kilichokuwa kimevunjika.

Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alilichambua tatizo hilo kwa hesabu. Alionyesha kwamba mtikisiko ukiingia katika mashine yenye kidhibiti, unaweza kufanya mojawapo ya mambo manne: kukua moja kwa moja, kufifia moja kwa moja, kuyumba kwa upana unaozidi, au kuyumba kwa upana unaopungua. Ni la pili na la nne tu linalotufaa. Kinachoamua ni lipi litokee ni uhusiano wa vipande, yaani uzito wa mipira, msuguano, ukubwa wa marekebisho na muda unaopita kati ya kosa na marekebisho yake. Huwezi kuutoa uthabiti ndani ya sanduku la kipande kimoja na kuuweka mezani uutazame.

Kila mtu aliyewahi kuoga kwa maji yanayochanganywa ya moto na baridi amelijua jambo hili kwa ngozi yake. Unafungua ya moto, huhisi kitu kwa sababu maji yaliyomo bombani bado ni ya baridi, unafungua zaidi, kisha yanakuja yanayokuunguza, unarudisha kwa pupa, na baridi inakupiga. Mkono wako hauna kosa, na bomba halina kosa. Kosa limo katika kurekebisha kwa nguvu kubwa jambo ambalo habari zake zinakufikia zikiwa zimechelewa.

Sasa tutazame tukio lako. Hifadhidata iliyozidiwa hukaa kimya au huchelewa kujibu. Huduma zako zilifasiri ukimya huo kuwa sababu ya kuuliza tena, kwa hiyo ukimya ulizaa maswali, na maswali yakazaa ukimya zaidi. Huo si mrejesho hasi tena, ni mrejesho chanya: matokeo yanarudi kwenye chanzo na kukiongezea nguvu. Ulipoongeza mashine, uliongeza waulizaji. Kwa maneno mengine, ulifungua mlango wa mvuke kwenye injini iliyokuwa tayari inakwenda mbio.

Gridi za umeme zimewahi kutufundisha somo hilihili kwa gharama kubwa. Tarehe 14 Agosti 2003 watu takribani milioni 50 wa kaskazini mashariki mwa Marekani na wa jimbo la Ontario nchini Kanada walikosa umeme. Mwanzoni njia chache za kusafirisha umeme katika jimbo la Ohio zililegea kwa joto la mzigo, zikagusa miti na kujikata, wakati programu ya kengele za tahadhari katika chumba kimoja cha udhibiti ilikuwa imekwama bila wahusika kujua. Kila njia iliyojikata ilihamishia mzigo wake kwa jirani. Jirani akazidiwa, na kifaa chake cha kinga kikamkata naye, kama kilivyotakiwa. Mwishoni mambo yalikwenda kwa kasi ambayo hakuna binadamu angeweza kuifuata. Sehemu kubwa ya vifaa vile vya kinga vilifanya kazi yake barabara: kila kimoja kiliokoa waya wake, na kwa pamoja vikaipoteza gridi.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu mfumo wowote, ninapita kwenye kila kiungo nikiwa na maswali mawili. Habari inayopita hapa inalipinga kosa au inaliongezea? Nayo inafika ikiwa imechelewa kiasi gani ikilinganishwa na kasi ya kosa lenyewe? Nimekutana na mifumo mingi iliyokaguliwa kipande kwa kipande kwa bidii ya kusifiwa, ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza maswali hayo.

Mwalimu wa Baiolojia

Nashukuru kwa maelezo ya Mhandisi. Mimi nitaanza na swali la kwanza, kisha nitasema jambo moja kuhusu nyuki ambalo naona limegusa tatizo la huduma arobaini moja kwa moja.

Mwili wako ni mfumo wa aina ileile unayoitunza wewe. Seli nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, na mwili hutengeneza takribani milioni mbili za seli hizo kila sekunde. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kwa siku chache tu. Hata mifupa, ambayo huonekana kama nguzo zisizobadilika, huvunjwa na kujengwa taratibu maisha yote. Kinachodumu ni mpangilio, pamoja na kazi isiyokoma ya kuunakili mpangilio huo na kuusahihisha.

Neno kusahihisha nalisisitiza, kwa sababu kunakili peke yake hakutoshi. Seli inapogawanyika, DNA yake yote, yaani maandishi ya urithi yenye herufi za kikemikali, hunakiliwa. Kimeng'enya kinachonakili, yaani protini inayoifanya kazi hiyo, hukosea takribani mara moja katika kila herufi laki moja. Hicho hicho kina uwezo wa kurudi nyuma, kukata herufi isiyofaa na kuweka nyingine. Baada yake kuna vimeng'enya vingine vinavyopita kukagua jozi zisizolingana. Baada ya hatua hizo zote kosa linalobaki ni takribani moja katika herufi bilioni moja au chini ya hapo. Hakuna hatua iliyo kamilifu. Kila moja inapokea makosa ya iliyotangulia na kuyapunguza. Tena DNA huharibika hata pale ambapo hainakiliwi, kwa maji, joto na mionzi, kwa hiyo kuna mafundi wengine wanaoitengeneza kila siku. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza kazi hiyo ya ukarabati. Mwili ukikosa nishati ya kuifanya, mpangilio hufumuka upesi. Kwa hiyo, ndugu yangu, wale ambao wameusoma msimbo wako kila mwaka, wakaurekebisha na kuukabidhi kwa wengine, ndio waliouhifadhi mfumo wako.

Kuhusu uthabiti wa ndani, Walter Cannon aliuita homeostasisi mwaka 1926, akijenga juu ya wazo la Claude Bernard wa Ufaransa kuhusu mazingira ya ndani ya mwili. Sukari ya damu ikipanda, kongosho hutoa insulini. Ikishuka, hutoa glukagoni, na ini hufungua akiba yake. Angalieni kwamba kuna vidhibiti viwili vinavyovuta pande mbili, kwa hiyo mwili hauhitaji kungoja kimoja kichoke ndipo urudi. Angalieni pia kwamba kiwango lengwa chenyewe huweza kuhamishwa: wakati wa homa, mwili hupanga upya joto linalotakiwa na kulilinda kwa bidii, ndiyo maana mgonjwa hutetemeka kwa baridi huku joto lake likipanda.

Sasa nyuki. Kundi la nyuki wa asali hulinda chumba cha watoto wake katika joto la nyuzi 34 hadi 36 za Selsiasi. Joto likipanda, nyuki hupepea kwa mabawa. Likishuka, hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka na hivyo kuzalisha joto. Hakuna nyuki anayetoa amri. Tatizo ni hili: kama nyuki wote wangeanza kupepea katika nyuzi zilezile, wangeanza kwa pamoja, wangepoza kupita kiasi, wangeacha kwa pamoja, na chumba kingeyumba kama lile bomba la kuogea la Mhandisi. Kinachowaokoa ni kwamba malkia hupandana na madume wengi, kwa hiyo vibarua wa kundi moja ni watoto wa baba mbalimbali, na kila ukoo huanza kupepea katika kiwango chake. Joto likiongezeka kidogo, wachache huanza. Likizidi, wengine hujiunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha makundi yenye baba wengi na makundi ya baba mmoja, na ukaona kwamba yale ya baba wengi yalishikilia joto kwa uthabiti zaidi.

Huduma zako zote zilingoja sekunde moja. Naomba ulifikirie hilo.

Msomaji wa Ikolojia

Mwalimu amesema kweli kuhusu nyuki, lakini nina hofu kwamba tutatoka hapa na kanuni nyepesi kuwa wingi na utofauti daima huleta uthabiti. Wanaikolojia waliiamini kanuni hiyo kwa muda mrefu katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1972 Robert May aliijaribu kwa hesabu. Alichukua mfumo wenye spishi nyingi zilizounganishwa kwa nasibu, akauliza uwezekano wa mfumo huo kurudi mahali pake baada ya kusukumwa kidogo. Jibu lilikuwa kinyume cha matarajio: idadi ya spishi, wingi wa viungo kati yao au nguvu ya viungo hivyo ikiongezeka hadi kupita kizingiti fulani, uwezekano wa uthabiti huporomoka na kukaribia sifuri.

Misitu na bahari havikuporomoka kwa sababu ya hesabu ya May, bila shaka. Lakini tangu hapo swali likageuka. Ikiwa wingi peke yake unadhoofisha, basi mifumo hai inayodumu lazima iwe na mpangilio usio wa nasibu. Sehemu ya jibu lililopatikana ni kwamba viungo vingi katika mtandao wa chakula ni dhaifu na vichache tu ni vya nguvu, na vile vilivyo dhaifu hupunguza mayumbo ya vile vya nguvu. Mtunza Mfumo ametuambia kwamba karibu kila huduma yake imefungwa kwa nguvu kwenye hifadhidata moja. Kuna spishi zenye nafasi kama hiyo. Robert Paine alianza mwaka 1963 kuwaondoa viti vya pweza (wanyama wa baharini wenye umbo la nyota) kwenye kipande cha mwamba katika pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Kome, ambao ndio waliokuwa wakiliwa, walitanda mwambani na kuwabana wengine, na kati ya spishi 15 alizokuwa akizifuatilia zikabaki 8. Uzito wa kiti cha pweza haukuonekana katika idadi yake, ulionekana katika kile alichokuwa akikizuia.

Hata hivyo, jambo nililotaka hasa kulisema ni jingine, na linahusu zile saa nne. Nadhani wote tumelizungumzia anguko lile kana kwamba mfumo ulipoteza uthabiti. Mimi nasema uliupata uthabiti mwingine.

Chukua ziwa lenye kina kifupi. Maji yakiwa maangavu, mwanga hufika chini, mimea ya majini huota, mizizi hushika tope, na kati ya majani hujificha wanyama wadogo sana wanaokula mwani. Kwa hiyo uangavu hulinda uangavu. Mbolea ikimiminika ziwani kwa miaka, ziwa huvumilia muda mrefu bila dalili kubwa, kisha ghafla hugeuka. Mwani hutanda, mwanga hukatika, mimea hufa, tope hupeperushwa na mawimbi na samaki wanaochimbua chini, na sasa ni uchafu unaolinda uchafu. Ukipunguza mbolea hadi kiasi kilekile kilichokuwepo siku moja kabla ya kugeuka, ziwa halirudi. Ni lazima ushuke chini zaidi ya hapo, au ulisukume kwa nguvu, kwa mfano kwa kuwaondoa samaki wengi kwa mkupuo ili mimea ipate nafasi ya kuota tena.

Hilo ndilo lililokupata, ndugu. Chanzo kilikuwa dakika tatu za diski, nacho kilikwisha. Lakini mfumo wako ulikuwa umeingia katika hali ya pili ambayo ilijilisha yenyewe, imara kwa namna yake, na kuondoa chanzo hakukutosha kuutoa humo. Ulipozima kila kitu, ulifanya kile wanachofanya wanaowavua samaki wale. Mwaka 1973 C. S. Holling alitenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya kila siku: kasi ya mfumo kurudi kwenye mizani yake baada ya kusukumwa, na ukubwa wa msukumo ambao mfumo unaweza kuubeba kabla ya kuvukia hali nyingine. Kwa miaka kumi ulikuwa ukipima la kwanza. La pili hukulipima, na sikulaumu, kwa sababu halionekani katika siku za kawaida.

Mtunza Mfumo

Nimeyasoma majibu haya mara kadhaa, na nawashukuru kwa dhati. Maneno ya Msomaji wa Ikolojia kwamba hali ya anguko ilikuwa imara kwa namna yake yamenifungua macho kuliko ripoti yote tuliyoiandika baada ya tukio.

Nimebaki na ugumu mmoja. Mwalimu anasema vibarua wa nyuki watofautiane, na naona mantiki yake. Lakini mfumo ambao kila sehemu inafanya lake haushikamani tena. Kama kila huduma ingekuwa na namna yake ya kuandika tarehe au ya kumtambulisha mtumiaji, ningekuwa na matatizo mengine, tena makubwa. Ni wapi inapotakiwa sehemu zote zifanane, na ni wapi inapotakiwa zitofautiane? Nyuki walipewa jibu na maumbile. Mimi nalazimika kuliamua mezani.

Mtaalamu wa Mitandao

Naomba nijibu hili kwa historia ya intaneti yenyewe, kwa sababu iliwahi kuugua ugonjwa uleule uliouelezea.

Mwezi Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu mbili zilizo jirani kabisa, yalishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Waya haukukatika. Mashine zilizoona pakiti zao, yaani vifurushi vidogo vya data, hazijathibitishwa kufika zilizituma tena, foleni zikajaa nakala za pakiti zilezile, na nakala hizo zikazidi kuchelewesha uthibitisho. Van Jacobson alichapisha tiba yake mwaka 1988. Kiini chake ni kubadili maana ya ukimya: pakiti ikipotea, mtumaji achukulie kwamba njia imejaa, apunguze kwa ukali kiasi anachotuma, kisha apandishe polepole. Kushuka ni kwa haraka na kupanda ni kwa taratibu, na tofauti hiyo ndiyo inayorudisha mfumo mzima kwenye mizani bila mkuu yeyote wa kugawa zamu. Kwa lugha ya Mhandisi, alama ya kiungo iligeuzwa kutoka chanya kuwa hasi.

Kwa huduma zako, hiyo maana yake ni kwamba muda wa kungoja uongezeke maradufu kila jaribio linaposhindwa, na juu yake uwekwe muda wa nasibu ili wasigonge mlango kwa pamoja. Hapo ndipo nyuki wa Mwalimu wanapoingia. Weka pia kikomo: ikiwa sehemu kubwa ya maswali ya karibuni yameshindwa, huduma iache kuuliza kabisa kwa muda na imwambie mtumiaji ukweli. Ni jambo gumu kuwashawishi wasimamizi kwamba kukataa kazi mapema ni wema, lakini seva inayokubali kila ombi huishia kumaliza maombi ambayo wenyewe wameshayakatia tamaa.

Sasa kuhusu kufanana na kutofautiana. Mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulihamia kwenye itifaki (kanuni za mawasiliano) za TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Tangu hapo karibu kila kitu kimebadilika: nyaya, mawimbi, mashine, lugha za programu, matumizi yenyewe. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni makubaliano membamba kuhusu umbo la pakiti na anwani, yaliyo katikati. Juu yake watu wanafanya wanayotaka, na chini yake pia. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba fananisheni kile kinachovuka mpaka kati ya sehemu na sehemu, yaani muundo wa tarehe, utambulisho, maana ya kila ujumbe, tena kiwe kidogo iwezekanavyo. Kila kilicho ndani ya mpaka, pamoja na nyakati na mahadhi ya kazi, kiachwe kitofautiane.

Mipaka hiyo ina faida nyingine ambayo Herbert Simon aliieleza mwaka 1962 kwa mfano wa mafundi saa wawili. Kila saa ina vipande elfu moja. Mmoja huunga vyote kwa mfululizo, na akikatizwa kazi yote husambaratika. Mwingine huunga vifungu vya vipande kumi kumi, kisha huunganisha vifungu kwa vifungu. Tuseme uwezekano wa kukatizwa katika kila kipande ni mmoja kwa mia. Fundi wa kwanza atafikisha saa nzima takribani mara 43 katika majaribio milioni moja. Wa pili hukamilisha kifungu chake mara tisa katika kila kumi, na akikatizwa hupoteza kifungu kimoja tu. Mimi nimeona mafundi wa aina zote mbili katika kazi yetu, na wa kwanza kwa kawaida ndiye mwenye bidii zaidi.

Mwalimu wa Baiolojia

Nitaongeza neno moja tu kwa yale ya Mtaalamu. Uhai nao una makubaliano membamba ya namna hiyo. Maneno ya herufi tatu ambayo seli hutumia kutafsiri DNA kuwa protini, yaani jedwali la maneno 64 kwa asidi amino 20 (vipande vinavyojenga protini), ni karibu yaleyale kwa bakteria, uyoga, mti na mtu, na tofauti zilizopo ni chache na ndogo. Jedwali hilo likibadilika, karibu kila protini huharibika kwa wakati mmoja, kwa hiyo limekaa. Kutokana na kukaa kwake, maumbo ya viumbe yamepata uhuru wa kubadilika.

Mtunza Mfumo

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu kwa sababu nadhani mnastahili kujua kilichotokea.

Tulijenga nakala ya majaribio, tukazalisha mzigo unaofanana na wa siku ya kawaida, tukasimamisha hifadhidata kwa dakika tatu kwa makusudi. Mara ya kwanza, kwa msimbo wa zamani, nakala iliingia katika ile hali ya pili na haikutoka hadi tulipoizima, jambo ambalo lilitupa utulivu mkubwa wa moyo kwa kuwa sasa tunaweza kuliita litokee tunapotaka. Kisha tukaongeza kungoja kwa maradufu na muda wa nasibu, tukarudia. Ilirudi yenyewe, lakini kwa dakika kumi na tisa, ambazo ni nyingi kuliko tulivyotarajia.

Tulipofuatilia ombi moja la mtumiaji kuanzia juu hadi chini, tulikuta linapita tabaka tatu, na kila tabaka lilikuwa limeandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiweka kwa uangalifu wake majaribio matatu. Tabaka la juu lilijaribu mara tatu, na kila mara tabaka la kati lilijaribu mara tatu, na kila mara la chini likafanya vivyo hivyo. Mtu mmoja aliyebonyeza kitufe mara moja aliifikia hifadhidata mara 27. Jambo hili halikuonekana katika ukaguzi wa tabaka lolote, kwa sababu ndani ya tabaka moja namba iliyoandikwa ilikuwa tatu.

Tumeondoa majaribio ya marudio katika tabaka mbili za chini na kuyaacha juu tu, ambako anayejaribu anajua kama mtumiaji bado anangoja. Kuhusu swali la Mhandisi la pili, lile la kuchelewa, tumeanza kupima muda ambao ombi hukaa kwenye foleni kabla ya kuguswa, na namba ya kwanza tuliyoipata ilikuwa kubwa kuliko muda ambao tabaka la juu lilikuwa tayari kungoja. Kesho tunasimamisha hifadhidata tena.